Wadau, haya majina ya Kilatini kwenye anatomia mnayashikaje bila kuchizika?

Mtoto wa Tukuyu

Habari zenu wadau, kwa wakubwa shikamooni. Niko mwaka wa kwanza chuo cha afya nasoma utabibu, mtihani wa anatomia ni wiki ijayo na kusema ukweli nimeshaanza kunusa harufu ya sapu, yaani kurudia mtihani. Mifupa peke yake 206, bado misuli, bado mishipa, bado neva, na kila kitu kina jina kama la askofu wa zamani, mara sternocleidomastoideus, mara flexor digitorum superficialis. Nakariri mpaka saa nane usiku, naamka asubuhi nimebaki na flexor tu, wenzake wote wameshasepa.

Mwalimu wetu ukimuuliza maana anajibu kariri, hiyo lugha imekufa. Sasa kama imekufa si wangeizika, kwa nini mimi ndo nihangaike na maiti mbili kwa wakati mmoja, ya mezani na ya kweny daftari? Naomba kujua, hivi haya maneno yana maana yoyote au ni sauti tu? Alafu kwa nini isiwe Kiswahili, bibi yangu hajaenda shule lakini anajua mtulinga, bandama, kongosho, kifandugu, vyote anavitaja bila kukosea.

Mzee wa Benchi

Rudi Tukuyu ukalime viazi dogo, ng'ombe hawana Kilatini 😂😂

Nesi Mkongwe

Marahaba mwanangu. Huyo hapo juu muache, kazi yake kukaa benchi.

Mi nimekaa wodini miaka mingi na kuna kitu nilikuja kukijua nimeshamaliza chuo, nilikasirika kweli kwa nini hakuna aliyeniambia mapema. Hayo majina ni vyombo vya nyumbani tu. Yaani wale wazee walikuwa wanafungua mwili, wanaona kitu, wanajiuliza hiki kinafanana na nini pale kwangu, basi wanakiita hivyo hivyo. Pale kweny nyonga kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia wakaona kama kibakuli cha siki cha mezani kwa Warumi, wakaita acetabulum, acetum ni siki. Pelvis ni beseni. Tibia ni filimbi, maana filimbi za kale zilikuwa zinachongwa kwa mifupa. Fibula ni pini ya kubania vazi begani, siku ukiwa na mifupa mkononi ishike yote miwili pamoja uone ilivyokaa, kama pini na kishikizo chake. Cochlea ya sikioni ni konokono. Na vile vifupa vitatu vya sikio ulivyosoma sekondari, nyundo, fuawe na kikuku, hebu angalia Kilatini chake, malleus nyundo, incus fuawe, stapes kikuku cha kupandia farasi. Umeshavijua siku nyingi, ulikuwa hujaambiwa tu kwamba ni vile vile.

Alafu shika hii, itakuokoa. Sisi tukitaka kudogosha kitu tunaweka ki- mbele, wao wanafunga mkia nyuma, -culus, -cula, -ula, -ella, -ellum. Clavis ni ufunguo, clavicula ni kifunguo, ndo huo mtulinga wa bibi yako, ukinyanyua mkono juu unajizungusha kidogo kama ufunguo kweny kitasa. Uva ni zabibu, uvula ni kizabibu, kile sisi tunaita kidakatonge (na hapo mi naona sisi tumewapiga bao, kidakatonge ni jina lenye chumvi). Cerebrum ni ubongo, cerebellum ni kiubongo. Venter ni tumbo, ventriculus ni kitumbo, ndo vile vyumba vya chini vya moyo. Patella ni kisahani, sisi tukaona ile pia wanayochezea watoto, tukasema pia ya goti. Na mus ni panya, kwa hiyo musculus ni kipanya! Kunja mkono wako sa hivi, kunja kunjua, kunja kunjua, uone kipanya kinavyokimbia chini ya ngozi. Ukishakiona hicho hutakisahau mpaka unaingia kaburini.

Vyumba vya juu vya moyo sasa, atrium. Hiyo ilikuwa ukumbi wa mbele wa nyumba ya Mrumi, mgeni anapokelewa pale kabla hajaruhusiwa ndani. Sebule kabisa. Niliwahi kuwa na mzee mmoja wodini moyo umepanuka, kila daktari akipita anamwelezea na mzee anaitikia tu ndiyo ndiyo lakini ukimwangalia unajua hajaelewa, nikakaa naye jioni nikamwambia baba, damu ikija inafikia sebuleni, kisha inapita mlango inaingia chumbani, sasa wewe mlango wako haufungi vizuri, damu ikisukumwa nyingine inarudi sebuleni. Akafikiri, akanijibu, kwa hiyo mwanangu nina wageni wasioaga. Tangu siku ile dawa alikuwa anakumbusha mwenyewe.

Mtoto wa Tukuyu

Mama umenifanya nikunje mkono hapa kweny daladala watu wananiangalia. Kipanya nimekiona.

Daktari Njaa

Nesi kamaliza upande wa maana, ngoja nijibu la kwa nini Kilatini.

Zamani Ulaya kila msomi aliandika kwa Kilatini, awe Mtaliano awe Mpolandi. Mwaka 1543 Vesalius, aliyekuwa anafundisha upasuaji na anatomia kule Padua, Italia, akatoa kitabu chake kikubwa cha mwili wa binadamu, kikachapwa Basel, Uswisi, Kilatini kitupu. Baada ya hapo kila mwalimu akawa anaongeza majina yake, huyu anaita hivi, yule vile, wengine wanajipachika majina yao wenyewe au ya walimu wao. Mpaka mwisho wa karne ya 19 kulikuwa na majina kama 50,000 kwa viungo visivyozidi elfu tano na ushee! Yaani kiungo kimoja unakikuta na majina kumi. Ndo wataalamu wa Kijerumani mwaka 1895 wakakutana, hapo hapo Basel tena, wakachuja, kila kiungo jina moja, la Kilatini. Orodha hiyo imeendelea kurekebishwa, ile ya 1998 inaitwa Terminologia Anatomica. Kwa hiyo dogo ukilalamika kumbuka babu zetu wa 1890 walikariri mara kumi yako.

Na kufa kwa lugha ndo faida yake. Lugha hai inatembea, neno leo lina maana hii kesho vijana wameligeuza, chukua "noma" au "kali" uone. Kilatini hakina vijana wa kukigeuza, alafu hakuna Mfaransa atakayenuna kwamba kachaguliwa Mwingereza.

Sasa sarufi, na hapa Mswahili ana bahati ambayo haijui. Sisi tunasema mtu mkubwa, kitu kikubwa, nyumba kubwa, sifa inakuja nyuma na inafuata ngeli ya jina. Wao vile vile! Adductor magnus, vena cerebri magna, foramen magnum, hiyo magnus/magna/magnum ni neno moja "kubwa" linabadilika kufuata ngeli. Foramen magnum ni tundu kubwa, basi, lile la chini ya fuvu ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Na ile cerebri ni "ya ubongo", jina likiishia -i au -ae au -is katikati ya msururu mara nyingi hapo pana "ya/wa/cha". Falx cerebri ni mundu wa ubongo, ule utando uliokaa kati ya nusu mbili za ubongo, umepinda kama mundu wa kuvunia mpunga.

Tuchukue zile zako mbili zilizokutesa. Flexor digitorum superficialis, flexor ni mkunjaji, digitorum ni "wa vidole", superficialis wa juu juu. Mkunja vidole wa juu. Kama kuna wa juu basi chini yake kuna mwenzake, flexor digitorum profundus, wa kina. Umepata misuli miwili kwa bei ya mmoja. Sternocleidomastoideus ni anwani tu, sternum kidari, cleido ni ufunguo kwa Kigiriki yaani mtulinga tena, mastoideus ni kile kinundu nyuma ya sikio. Inatoka kidarini na kweny mtulinga inaenda nyuma ya sikio. Geuza shingo upande, ule unaotuna ndo huo.

Angalizo, majina mengine yamebeba makosa ya wenye kuyatoa. Arteria, watu wa kale walidhani inapitisha hewa, kwa sababu mtu akifa damu inaikimbia mishipa ile wakaikuta tupu. Galen, tabibu wa Kigiriki wa enzi za Warumi, akaonyesha ina damu, jina likabaki. Na huyo huyo Galen mwenyewe alikuwa anapasua nyani na nguruwe, ndo maana tuna rectum, maana yake "ulionyooka". Kwa mnyama sawa. Kwa binadamu umepinda.

Nahodha wa Mkunazini

Assalaam alaykum jamani. Daktari umegusa hapo kweny rectum, nami nimecheka peke yangu maana mi sijasoma udaktari, nimesoma madrasa, lakini nilipokaa kumsaidia binti yangu na desa lake (notisi zake) la anatomia nikaona mbona haya ni maneno yetu?

Utumbo ule kwa Kiarabu unaitwa al-mustaqim. Mustaqim! Ile ile unayoisoma kweny Alhamdu kila rakaa, njia iliyonyooka. Nikarudi juu, utumbo wa kwanza baada ya tumbo, duodenum, binti kasema ni kumi na mbili, kwa Kiarabu ni al-ithna ashar, sisi wazee wa pwani si tunasema saa thenashara? Urefu wake ni upana wa vidole kumi na viwili, Mgiriki mmoja Herophilus aliyekuwa Iskandaria, Misri ndo alianza kuuita hivyo. Na unaofuata, jejunum, Kilatini maana yake yuko tupu, hajala, kwa Kiarabu as-saim. Aliyefunga! Kila wakiufungua kweny maiti wanaukuta hauna kitu, wakasema huu umefunga swaumu. Utumbo wa kwanza thenashara, wa pili uko mfungoni, wa mwisho umenyooka. Binti yangu hajawahi kukosea tena.

Kumbe njia yake ni hii, Wagiriki waliandika, karne ya 9 Hunayn ibn Ishaq na wenzake kule Baghdad wakayaingiza vitabu vya Galen kweny Kiarabu, matabibu akina Ibn Sina wakajengea juu yake, kisha karne ya 12 watu kama Gerard wa Cremona wakakaa Toledo, Hispania, wakatafsiri Kiarabu kwenda Kilatini. Kwa hiyo Kilatini kingine ni Kiarabu kilichovaa shuka ya Kirumi. Retina ni wavu, kwa sababu Kiarabu walishaita ya shabaka, hiyo hiyo shabaka ya golini. Na zile ngozi za ubongo, dura mater na pia mater, Kilatini mater ni mama, sasa mama kafikaje kichwani? Ni kwa vile Waarabu waliziita umm, mama mnene na mama mwembamba, mfasiri akabeba mama zake wote wawili. Ila yule mwembamba kamtafsiri vibaya, badala ya mwembamba akaandika pia, yaani mcha Mungu. Basi sote tumebeba mama mcha Mungu kichwani na hatumsikilizi.

Mzee wa Benchi

Mi nilidhani pia mater ni "mama naye pia" 😂

Ila shehe hiyo ya aliyefunga umenimaliza. Nakubali naondoka benchi.

Wa Gikomba

Wasee niko Nairobi nasoma tu kimya lakini hii thread imekuwa tamu. Shehe kuna moja umeruka, cancer. Kilatini ni kaa, yule wa baharini. Wagiriki walisema karkinos, kaa pia, ati uvimbe wa titi na mishipa imetapakaa pande zote unakaa kama kaa na miguu yake. Sasa si Kiswahili sanifu ni saratani? Na saratani kwa Kiarabu ni kaa! Angalia hata zile nyota za kuzaliwa, wa mwezi wa saba anaitwa Saratani na picha yake ni kaa. Lugha tatu, mnyama mmoja.

Na corona ni taji. Mishipa ya coronaria imeuzunguka moyo kama taji, na virusi vilipewa jina hilo 1968 kwa vile chini ya darubini vina vimiiba kandokando kama mwanga wa jua. Mwaka wa 2020 tulitaja Kilatini kila siku na hakuna aliyelalamika ati ni kigumu.

Mswahili Halisi

Yote hayo mazuri lakini swali la tatu la kijana mmelikwepa. Kama Mrumi kaita kibakuli, kifunguo na kipanya, na Mwarabu kaita vyake, kwa nini Mswahili asifundishwe kwa kibakuli, kifunguo na kipanya chake? Hao walikuwa wanatumia lugha ya jikoni kwao. Sisi tunakariri jiko la watu. Tuna msamiati, mtulinga, muundi, kifandugu, kidole tumbo, kidakatonge, nyongamkalio. Selimundu, ule ugonjwa wa damu, imeshatushinda nini? Seli na mundu, mtoto wa darasa la tano anaelewa, na hakuna aliyesubiri ruhusa Basel.

Nesi Mkongwe

Kaka yangu sikatai, na selimundu ni mfano mzuri kuliko yote, mama akiambiwa anaona ule mundu. Lakini mi wodini nilitumia zote mbili kila siku na hazikugombana. Mgonjwa anasema vigimbi vinamuuma, mi naandika gastrocnemius, na daktari mgeni kutoka Kuba akija na Kiswahili chake cha wiki mbili anasoma anaelewa. (Gastrocnemius nayo ni tumbo la mguu kwa Kigiriki, sisi wengine tunasema shavu la mguu, kila mtu na anachokiona.) Ila kweny kumwelezea mgonjwa, hapo ndo ninapokasirika, kuna watu wakishajifunza Kilatini wanasahau Kiswahili, wanamwambia bibi una tatizo la patella. Bibi anaenda nyumbani kuwaambia watu ana ugonjwa mpya.

Na kuna mahali ukitafsiri kwa jina unaweza kupotea. Pupilla ya jicho ni kidoli, kibinti, kwa sababu ukimwangalia mtu machoni karibu unajiona mdogo mle ndani. Mwanafunzi wangu mmoja wa mazoezi akasikia hivyo akahitimisha ndo mtoto wa jicho. Sasa mtoto wa jicho si ndo ule ukungu unaofanyiwa upasuaji, ambao wao wanauita cataracta, maporomoko ya maji! Yeye aliona mtoto kila jicho siku ile.

Bwana Miti

Samahani nachomeka la msituni. Digitorum ya Daktari hapo juu, wa vidole, nenda kweny mbuyu, Adansonia digitata. Digitata ni wenye vidole, chukua jani la mbuyu lifungue uone, kiganja kitupu. Adansonia ni jina la Mfaransa Adanson. Huo utaratibu wa majina mawili mawili aliuimarisha Mswidi Linnaeus, mimea 1753, wanyama 1758. Na kwa mimea mpaka mwisho wa 2011 ilikuwa ukigundua mmea mpya lazima uandike maelezo yake kwa Kilatini, tangu 2012 ndo wakaruhusu na Kiingereza. Jina lenyewe bado liwe na sura ya Kilatini.

Lakini kijana wa Tukuyu hujui kwenu mna nini. Yule tumbili wa Mlima Rungwe, kipunji, aliyetangazwa kwa wanasayansi 2005, jina lake la kisayansi ni Rungwecebus kipunji. Jina la mlima wenu na jina mlilokuwa mnamwita nyie wenyewe, likavishwa mkia wa cebus. Kwa hiyo kuna profesa mahali Ulaya sa hivi anakariri neno la kwenu, na yeye anasema gumu.

Mtoto wa Tukuyu

Yaani kipunji yuko kweny Kilatini? Namwambia bibi leo leo.

Nimerudi kutoka maktaba wadau, nimepitia misuli yote ya mguu kwa staili ya Nesi na Daktari. Soleus nimeona ni ndala, solea. Vastus ni mkubwa mpana. Gracilis mwembamba. Rectus femoris ulionyooka wa paja, na nimeshtuka kumbe ni ule ule mustaqim wa shehe. Yaani kumbe yanarudiana, nilikuwa nakariri neno moja mara ishirini kama maneno ishirini. Nimekwama mmoja tu, sartorius. Ule mrefu unaokatiza paja kutoka nyonga kwenda ndani ya goti. Kweny desa hakuna maana.

Daktari Njaa

Sartor ni fundi cherehani. Msuli wa fundi nguo. Mafundi wa zamani walikuwa wanashona wamekaa chini wamekunja miguu mkao wa mkekani, na huo ndo unaokuleta kweny mkao huo, unakunja nyonga, unakunja goti, unageuza paja nje.

Mtoto wa Tukuyu

Baba yangu ni fundi cherehani miaka ishirini pale sokoni. Nimempigia sa hivi nikamwambia una msuli wako mwilini. Ameniuliza uko wapi, nikamwelekeza, akasema huo ndo unaomuuma kila jioni na yeye anakaa kweny kiti.

Nesi Mkongwe

Mwambie asogeze kiti karibu na pedeli. Na wewe kalale.